Kiti cha Mlangoni

Hapo zamani, si zamani za kale bali zamani za bajeti iliyopita, ilikuwapo nchi iliyoitwa Keshoni. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Iko mbali sana na kwetu, na mambo yatakayosimuliwa hapa hayawezi kutokea kwa watu wenye akili zao kama sisi.

Keshoni ilikuwa nchi ya kwanza duniani kumaliza tatizo la ukosefu wa ajira, na ililimaliza kwa sheria. Bunge lilikaa, likapiga makofi, likapitisha kwamba maneno "hana kazi" ni matusi na yeyote atakayeyatamka hadharani atashtakiwa. Tangu siku hiyo kila aliyekuwa hana kazi akaitwa Mtumishi wa Akiba. Watumishi wa Akiba walikuwa na sikukuu yao, wimbo wao na gwaride lao. Walipita mbele ya jukwaa kuu na bahasha za kaki kwapani, na wakubwa wakawapungia mikono. Wageni kutoka nchi jirani walikuja kujifunza, wakapewa chai, wakaondoka wakistaajabu jinsi nchi nzima ilivyojaa watumishi.

Faidha Mtengeti alikuwa mmoja wao. Alisomea uhandisi wa maji, akafaulu vizuri, akarudi kwa mama yake katika mtaa wa Matopeni, mahali ambapo bomba lilitoa maji siku ile tu kiongozi alipokuja kulizindua. Alikwisha kuwa mtu mzima wa kuitwa shangazi na watoto wa watu, lakini kila asubuhi alikula andazi lililokandwa na mikono ya mama yake, na kila andazi lilimkaa kooni.

Mama yake, Bi Mwantumu, alikuwa na maneno machache mbele ya bintiye na mengi mbele ya majirani. Magoti yalikwisha kumkatalia kusimama, kwa hiyo alikaanga akiwa amekalia ndoo iliyofudikizwa. Akiulizwa binti yake yuko wapi siku hizi, alijibu bila kuinua macho kwenye karai: "Yupo serikalini." Kisheria hakusema uongo. Tatizo ni kwamba watu waliamini. Wakaanza kuja na vijana wao na kuku mikononi, wakisema mwambie Faidha amshike mkono na huyu.

"Mama, kwa nini unawaambia hivyo?" Faidha alimuuliza siku moja, baada ya kumrudishia mmoja wao kuku wake.

"Niwaambie nini?" Bi Mwantumu akajibu. "Niwatukane?"

*

Sasa, katika Wizara ya Ajira, Subira na Maadhimisho alikuwapo mlinda mlango mmoja mzee ambaye alifariki akiwa kitini. Kwa kuwa faili lake lilikuwa safi na hakuwa na utoro wowote, aliendelea kupandishwa daraja kimyakimya, mpaka harufu ilipofika ghorofa ya Mheshimiwa Waziri. Ndipo taifa likatangaziwa kwamba Keshoni imepatikana nafasi ya kazi.

Redio zilikatiza mpira. Misikitini na makanisani zikasomwa dua za shukrani. Wazee ambao hawakuwahi kuliona jambo kama hilo walitoka nje kutazama angani. Tangazo lilisema mwombaji awe na shahada, awe kijana mbichi, na awe na uzoefu wa maisha mazima wa kukaa mlangoni, ikiwezekana mlango huohuo. Nchi nzima ikakosa mtu wa kutimiza masharti hayo isipokuwa marehemu. Mheshimiwa Waziri Tukuza, kwa busara zake, akayaondoa masharti yote, akaagiza usaili ufanyike hadharani katika Uwanja wa Taifa na urushwe kwenye televisheni, ili kila raia aone kwa macho yake kwamba serikali haina upendeleo.

Siku ya kwanza ya usaili Bi Mwantumu hakukaanga. Aliinyoosha sketi ya bintiye kwa pasi ya mkaa mpaka kitambaa kikang'aa, kisha akamshika mabega na kumtazama.

"Nimechoka kukusemea, mwanangu," alisema. "Nenda ukanisemee na wewe."

*

Walikuja kwa treni, kwa baiskeli na kwa miguu. Walikuja madaktari wa akiba na mahakimu wa akiba, na rubani mmoja wa akiba ambaye hakuwahi kupanda ndege. Nje ya uwanja wafanyabiashara waliuza karanga, wengine wakakodisha tai na viatu vya mguu mmoja mmoja, maana viatu kamili vilikwisha mapema. Ndani, watu walipangwa mistari kwenye nyasi. Waziri Tukuza alikaa jukwaani chini ya turubai, na feni mbili zilimpepea, moja kwa ajili yake na moja kwa ajili ya hotuba.

"Ndugu Watumishi wa Akiba!" alianza. "Wapo wanaosema serikali haitoi kazi. Leo wapo wapi? Wapo hapa, wanatafuta kazi! Je, mtu hutafuta kitu ambacho hakipo? Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Mimi naongeza: na asiyekula, hajavumilia vya kutosha!"

Watu walipiga makofi, kwa kuwa wasimamizi walikuwa wakiwaandika wasiopiga.

Usaili wa kwanza ulikuwa wa kusimama. Mlinda mlango husimama wakubwa wanapopita, na katika wizara ile wakubwa walikuwa wengi. Kwa hiyo umati uliamriwa usimame juani bila kujitikisa, na wasimamizi wakapita katikati ya mistari na chaki nyekundu, wakimchora mgongoni kila aliyeanguka. Kufika saa sita uwanja ulianza kupungua kama nywele za mzee.

Faidha alihisi kichwa chake kikielea. Ndipo mwanamume aliyesimama kulia kwake akamnong'oneza bila kugeuza shingo.

"Usikaze magoti, mdogo wangu. Yalegeze, kama mtu aliyetaka kukaa akaghairi."

Akayalegeza. Kichwa kikatulia. "Umejuaje, kaka?"

"Nimesailiwa sana. Kuna mkurugenzi mmoja nilisimama mbele ya meza yake mpaka akastaafu."

Faidha alicheka kwa pua, akajizuia. Hivyo ndivyo alivyomjua Kondo Magambo. Kondo alikuwa mtu wa makamo, mwenye mvi za kwanza kwenye masharubu. Alisomea ualimu wa jiografia, lakini hakupangiwa shule hata siku moja. Miaka yote hiyo alilea familia yake kwa kibarua cha zege, akipanda majukwaa ya ujenzi na karai begani.

Wakati wa mapumziko walikwenda pamoja nyuma ya tenki la maji kutafuta kivuli. Kondo alikuwa akimsimulia jinsi mwanawe wa kwanza, Chiku, anavyojua kuiga sauti ya Waziri, na katikati ya neno akanyamaza. Macho yakapinduka. Akaanguka chini kama gunia, mwili ukaanza kumtetemeka.

Faidha hakupiga kelele. Alimgeuza ubavu, akavua mtandio wake na kuukunja chini ya kichwa kile kilichokuwa kikigonga msingi wa zege wa tenki, akapiga magoti mbele yake ili amkinge na macho ya watu. Msimamizi mmoja mwenye chaki akaja mbio.

"Huyo ameanguka?"

"Hajaanguka," Faidha akasema. "Tunamwombea Mheshimiwa Waziri. Yeye ameguswa zaidi."

Msimamizi akavua kofia, akainamisha kichwa kidogo, akapita.

Kondo alipozinduka alijifuta mdomo na kukaa muda mrefu akitazama mchanga. Aibu ilimjaa usoni kama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni.

"Umeona," alisema.

"Nimeona."

"Ni kifafa. Hakinijii mara nyingi. Lakini wakijua, mdogo wangu, hata kwenye zege hawatanichukua tena. Nani atampandisha jukwaani mtu wa kuanguka? Nina watoto. Naomba hili liishie hapahapa."

"Kaka Kondo," Faidha akamjibu, "mimi sikuona kitu. Nimeona mtu amechoka akajinyoosha."

Na alipolisema neno lile alilisema kwa moyo wake wote.

*

Usaili ukaendelea kwa majuma kadhaa, na taifa likaacha shughuli zake kuutazama. Kulikuwa na usaili wa kucheka, ambapo Waziri alitoa vichekesho na majaji wakapima nani anacheka kwa dhati. Rubani wa akiba aliondolewa hapo kwa sababu alicheka kabla ya kichekesho kuisha. Kulikuwa na usaili wa kuandika, swali likiwa: "Kwa nini unaitaka kazi hii? Jibu bila kutaja njaa." Wengi waliacha karatasi wazi. Kulikuwa pia na usaili wa kufungua mlango, na mwingine mgumu zaidi wa kuufunga.

Faidha na Kondo walisaidiana njia nzima. Alipokosa nauli mmoja, wote wawili walitembea. Kondo alimfundisha kucheka kwa tumbo. Faidha alimkumbusha kunywa maji na kutosimama juani bila sababu. Watu wa Matopeni walipowaona kwenye televisheni ya kinyozi walidhani ni ndugu.

Ikafika siku ikatangazwa kwamba wamebaki wawili, na wawili hao ndio wao.

Jumapili kabla ya fainali Kondo alimwalika nyumbani kwake. Kilikuwa chumba na sebule, ukutani kumebandikwa ramani ya dunia ambayo panya walikwisha kula bara moja. Mkewe, Mama Chiku, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alipika ugali na mlenda na dagaa wa kukaanga, akamketisha mgeni karibu yake. Watoto walipotoka nje, akamshika Faidha mkono wenye tonge.

"Wewe ndiye uliyemkinga," alisema. "Aliniambia. Mimi sikuwa nakujua, lakini nimekuingiza kwenye sala zangu pamoja na wanangu."

"Ni jambo dogo, dada," Faidha akasema.

"Si dogo. Kuna ndugu zake wa damu waliomkimbia." Akauachia mkono ule. "Basi kesho, apate yeye au upate wewe, hapa kwetu ni furaha ileile."

"Si ileile kabisa," Kondo akasema, na wote watatu wakacheka. "Lakini tutaivumilia."

Faidha aliporudi Matopeni jioni ile alimkuta mama yake anapimwa nguo na fundi. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wamejishonea vitenge vya sare ili kesho wakakae pamoja jukwaani. Kwenye kitambaa, kifuani, palikuwa na picha ya mlango.

*

Siku ya fainali uwanja ulijaa kuliko siku ya Uhuru. Bendi ya polisi ilipiga wimbo wa Watumishi wa Akiba. Viti viwili viliwekwa katikati ya nyasi, Faidha akakalia kimoja, Kondo kingine, na mbele yao kikawekwa kiti cha tatu ambacho hakuna aliyekikalia. Kilikuwa kile cha marehemu, kimesuguliwa kwa majivu na kufukizwa ubani.

Waziri Tukuza akainuka.

"Watanzamaji wa taifa hili tukufu," alisema, na kwa kuwa alikosea neno, watangazaji wote wakalirudia hivyohivyo, "mmeziona sifa za hawa wawili. Sifa hazitusaidii tena. Kila mtu ana sifa, ndiyo maana nchi imejaa watu wanaongoja! Leo tunataka kasoro. Kila mmoja atatuambia kasoro ya mwenzake, na atakayetushawishi ndiye atakayekalia kiti. Bwana Magambo, anza."

Kondo alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alikaa kimya hadi watu wakaanza kupiga miluzi. Faidha aliona wazi kwamba alikuwa akitafuta kitu kidogo kabisa cha kusema, kitu kisichoumiza.

"Huyu dada ana huruma sana, Mheshimiwa," akasema mwishowe. "Huko mlangoni patamtesa."

Watu wakacheka kwa upendo. Bi Mwantumu akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kondo akamtazama Faidha na kutabasamu, kama mtu aliyemtupia mwenzake mpira mwepesi ili naye aurudishe hivyohivyo.

Lakini Waziri hakucheka. Aliinama kunong'onezana na majaji, na majaji wakakunja nyuso.

"Huruma," alisema. "Huruma! Taifa limesikia? Hii ni kasoro nzito kuliko zote. Mlinda mlango mwenye huruma ni sawa na mlango wenye tundu. Atapita huyu, atapita yule, mwisho wataingia wote, na wakiingia wote sisi tutakaa wapi? Nashukuru, Bwana Magambo, umeliokoa taifa. Bibi Mtengeti, kabla sijatangaza, una la kusema? Au huruma imekufunga mdomo?"

Tabasamu la Kondo likakauka. Akafungua kinywa apinge, lakini kipaza sauti kilikwisha kuondolewa mikononi mwake.

Faidha alikipokea. Kilikuwa bado na joto la mikono ya Kondo. Aliinua macho, akaiona milango ile yote kwenye vifua vya wanawake wa Matopeni, na katikati yao mama yake, ambaye kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa amesimama wima, magoti yamemkubalia. Akafikiria andazi la kesho asubuhi. Akafikiria lile la keshokutwa. Akajisemea kwamba atataja kitu kidogo, atasema Kondo anakoroma, atasema Kondo ni mzee. Na huku akijisemea hivyo akasikia sauti yake inatoka kwenye vipaza sauti vyote vya uwanja, imetulia, imekomaa, kama sauti ya mtu mwingine aliyeelimika zaidi.

"Ana kifafa. Alianguka siku ya kwanza, nyuma ya tenki la maji. Mimi ndiye niliyemficha."

Kisha Waziri Tukuza akaanza kupiga makofi peke yake, polepole, na wasimamizi wakachomoa chaki zao, na makofi yakaenea kama moto wa nyasi kavu.

"Hana huruma!" Waziri alipaza sauti. "Mmesikia kwa masikio yenu! Rafiki yake! Tena wakati kamera zinamtazama! Huyu ndiye mlinda mlango!"

Kondo alitazama chini, kwenye nyasi zilizokuwa kati ya viatu vyake, kama alivyoutazama mchanga siku ile. Alipewa cheti cha ushiriki chenye fremu, akatoka uwanjani akiwa amekikumbatia, na watu wakampisha njia pana kuliko alivyohitaji.

*

Kazi ilikuwa rahisi. Mlango wa Wizara ulikuwa wa mninga, mzito, na haukufunguliwa kwa watu. Wakubwa walipita mlango wa nyuma. Mbele ya ule wa mninga walikuja Watumishi wa Akiba na bahasha zao, wakapanga foleni tangu alfajiri, na kazi ya Faidha ilikuwa kuwapokea kwa heshima, kuwaambia hakuna nafasi na kuwakaribisha tena kesho.

Juma la kwanza alikwenda chooni kulia. Kilichomliza zaidi ni salamu. Wazee wa rika la baba yake, wakiwa wamevua kofia, walimwinamia na kumwambia, "Shikamoo, Afisa." Akawaambia hapana, baba, mimi ndiye wa kukuamkia. Wakaogopa wakidhani wamemkosea, wakairudia kwa kuinama zaidi, na foleni ikakwama. Mkuu wa utumishi akamwita.

"Bibi Mtengeti, wakikupa shikamoo, ipokee. Ukiikataa unawapa matumaini."

Akaanza kuipokea. Mwanzoni aliitikia kwa kunong'ona, kama mtu anayeiba. Baadaye ikamtoka kwa sauti ya kawaida. Mwisho ikawa inatoka yenyewe, kama mguu unavyorushwa daktari akiligonga goti, na foleni ikasonga vizuri. Wizara ikampa kofia yenye nembo.

Habari za Kondo zilimfikia hapohapo mlangoni, kwa vinywa vya waliokuwa wakisubiri. Msimamizi wa ujenzi alikuwa na televisheni kama wengine. Asubuhi iliyofuata fainali alimwambia Kondo arudi nyumbani, akatumia maneno mazuri. Sehemu nyingine ikawa vivyo hivyo, na nyingine. Wizara nayo ikatoa waraka kwamba Watumishi wa Akiba wenye maradhi ya kuanguka wafutwe hata kwenye akiba, ili kulinda afya zao. Sasa mkewe ndiye aliyefua nguo za watu, na yeye alishinda ndani akiwafundisha jiografia watoto wa jirani ambao hawakuwa na haja nayo.

Nyumbani Matopeni, Bi Mwantumu aliendelea kukaanga. Faidha alimsihi apumzike.

"Mama, si nimepata kazi? Nilikuwa nakuombea siku hii."

"Mikono imezoea," mama yake akajibu. Tangu fainali alikuwa hajamwambia jirani hata mmoja binti yake yuko wapi. Kile kitenge cha mlango alikuwa amekitumia kufunikia unga. Akageuza andazi kwenye mafuta, akaligeuza tena ingawa lilikwisha iva. "Yule bwana. Ana watoto?"

"Anao."

"Haya."

Akaliopoa andazi, akatia jingine kwenye mafuta.

"Sikukutuma vile, Faidha," akasema. "Lakini nilipiga makofi. Mikono hii hii. Nenda kawaone."

*

Alikwenda siku ya mapumziko, mchana, na furushi la sukari na unga wa ngano, kama mtu anavyokwenda kwenye nyumba iliyofikwa na msiba. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Angesema kaka Kondo, nimekukosea. Angesema sina la kujitetea. Angepiga magoti ikibidi. Kwa haraka na kwa kuchanganyikiwa alikuwa ametoka na kofia ya Wizara kichwani, na alipokumbuka alikwisha fika.

Akabisha hodi. Mama Chiku akatokea mlangoni, mikono imechanika kwa sabuni. Walitazamana. Mama Chiku hakumwambia karibu, na hakumwambia ondoka.

"Nimekuja kumwona kaka," Faidha akasema. Akamnyooshea furushi. "Na hiki ni kidogo tu, cha watoto."

Mama Chiku akalitazama furushi. Nyuma yake watoto walikuwa wameacha kucheza. Ilionekana wazi kwamba moyo wake ulikuwa na mengi ya kusema, na kwamba nyumba haikuwa na sukari. Polepole akaanza kuunyoosha mkono.

Kabla haujafika, Kondo alitoka ndani. Alikuwa amekonda, masharubu yote yamekuwa meupe. Alipomwona Faidha alisimama, akajifunga vifungo vya shati upesi upesi, hadi cha shingoni. Hakuwa na hasira usoni, na Faidha, ambaye usiku na mchana alikuwa akijiandaa kwa hasira ile, alijikuta hana pa kuegemea.

"Chiku amemaliza shule," Kondo akasema, kama mtu anayeomba radhi kwa kusumbua. "Amefaulu vizuri. Yeye ni mzima, hana tatizo lolote, unaweza kuuliza hospitali. Nilikuwa nafikiri nitakuja kule mlangoni kupanga foleni, ila nimeona umetuheshimu, umekuja mwenyewe."

"Kaka Kondo," Faidha alianza, "mimi nimekuja..."

Lakini Kondo, aliyemzidi miaka ya kutosha kumbeba mgongoni, alikwisha kuweka mkono kifuani na kuinama mbele yake.

"Shikamoo, Afisa."

"Marahaba," akasema Faidha.

Lilitoka lenyewe, kwa sauti ya kawaida. Alilisikia likiwa limekwisha toka, likiwa limesimama pale mlangoni kati yao, na hapakuwa na namna ya kulirudisha. Kondo alibaki ameinama, akingoja kuambiwa neno linalofuata. Na Mama Chiku, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuligusa furushi la sukari, akaurudisha mkono wake, akaupangusa taratibu kwenye kanga, akaingia ndani.